Mgongo wa Shati

Picha ya mdogo wake ilimkuta Fundi akiwa na pini tatu mdomoni. Jirani yake wa barazani, mtengeneza simu ambaye meza yake iligusana na cherehani ya mama huyu mshonaji, alimgeuzia kioo cha simu akasema, "Fundi, mdogo wako amekuwa mtu mashuhuri. Tazama."

Fundi alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba alichozoea kufunga mkononi, ndipo akatazama. Hakuwa mtu wa haraka. Pale mtaani walisema kwamba ukimpelekea kitambaa atakigeuza mara nne kabla hajakuambia kama kinatosha shati, na ukimwambia mvua inanyesha atatoa kwanza mkono nje ahakikishe.

Kwenye kioo, mdogo wake alikuwa amekaa kitini, anatabasamu nusu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Chini yake paliandikwa habari zake: mwoka mikate, miaka ishirini na tisa. Miaka miwili iliyopita aliteleza akaangukia mlango wa tanuri, akaungua kuanzia kiwikoni hadi mbavuni. Kovu likavuta ngozi, mkono wa kulia ukagandana na ubavu, hauinuki. Upasuaji ungeuachia. Kisha palikuwa na mstari wa kijani uliopita nusu, kuonyesha michango ya watu wa nchi za mbali wasiomjua, huyu kidogo, yule kidogo.

"Mstari ukijaa, anapasuliwa," jirani alisema. "Jana ulikuwa hapa. Leo umefika hapa. Watu wana moyo."

Fundi alikuwa anatazama shati. Lilikuwa la bluu, mikono mirefu, kola ngumu, mfuko mmoja kifuani, limefungwa vifungo vyote. Na mikono yote miwili ya mdogo wake ilikuwa imo ndani, wa kushoto na wa kulia.

"Hili shati si lake."

"Labda kaazima."

"Kaazima kwa nani? Na alilivaaje?"

Jirani akacheka. "Fundi nawe. Mtu kavaa shati unauliza alilivaaje."

Lakini hilo ndilo lililomkera. Mkono usioinuka hauingii kwenye shati. Anayedhani unaingia ajifunge mkono ubavuni kwa kamba, kisha ajaribu. Tangu aungue, mdogo wake hakuwahi kuvaa shati la dukani. Alikuwa na mashati manne tu, na yote manne Fundi aliyafumua upande wa kulia, kutoka kwenye pindo hadi kwapani, kisha kutoka kwapani hadi mwisho wa mkono, akatia kamba za kufungia. Aliyajua kama mtu anavyojua sufuria za jikoni kwake.

"Ikuze picha," alisema. "Hapo kwapani."

Jirani akaikuza. Mshono wa kwapa ulikuwa mzima, haujaguswa.

"Basi hapa pana kitu," Fundi alisema, akarudisha pini mdomoni.

*

Waliishi pamoja vyumba viwili, dada na mdogo wake, tangu mama yao afariki na mdogo akiwa hajaanza kunyoa ndevu. Fundi ndiye aliyemlea. Jioni hiyo mdogo alirudi na unga kwenye nyusi. Siku hizi mwenye tanuri alimwachia kazi ya kukaa mlangoni na kuhesabu magunia yanayoingia, kazi ambayo mwenyewe alisema hata kigogo cha mti kingeifanya, ila kigogo hakijui kusaini.

"Lile shati la kwenye picha ulipewa na nani?"

"Shati gani, Dada?"

"La bluu. Usijifanye umesahau, umetabasamu ndani yake."

Mdogo akacheka. "Mama wa kumbukumbu, kule hospitali. Alisema picha haipigwi na shati lenye matundu. Akanivalisha."

"Akakuvalishaje?"

"Alilishika mbele yangu, nikaingiza mikono kama anayevalishwa aproni. Sikuupeleka mkono kwenye shati, shati ndilo lililoletwa kwenye mkono. Halafu akahangaika kule nyuma. Sijui alifanya nini, mimi niliambiwa nitazame kamera."

Fundi alikunja kitambaa alichokuwa anakikata, akakikunjua. "Na hao wanaotoa, wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

"Kila mtu anataka kitu."

"Wewe ulipokuwa unanipaka dawa ya kovu ulitaka nini?"

"Nilitaka uache kulia kama mbuzi, nilale."

Wote wawili walicheka, lakini mdogo ndiye aliyeacha mapema. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa fomu ya hospitali, yenye nafasi mbili za sahihi: ya mgonjwa na ya ndugu yake. Daktari bingwa wa upasuaji wa ngozi alikuja mara moja kila miezi mitatu, na safari hii angefika Jumatano kwa ajili ya kupasua Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Walisema bega likikaa hivi miezi mingine michache litaganda lenyewe," mdogo alisema. "Likishaganda, hata kisu hakitasaidia. Lakini mimi sitii sahihi mpaka utie ya kwako."

"Usinitwishe mzigo wako."

"Ni mzigo wangu. Ila wewe ndiye uliyenilea, na ukiona jambo lina harufu huwa lina harufu kweli."

*

Jumanne asubuhi Fundi alifunga cherehani, akaenda hospitali kwa miguu.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa chumba kirefu kilichonuka karatasi za zamani. Mafaili yalifungwa mafungu kwa vipande vya bendeji. Mwisho wa chumba, mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, palikuwa na kiti kimoja, na sakafuni mbele ya kiti vipande viwili vya plasta kuonyesha mahali pa kuweka miguu. Hapo ndipo wagonjwa walipopigiwa picha.

Mama wa kumbukumbu alikuwa mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, mwenye sauti ya kuchoka lakini si ya ukali.

"Wewe ndiye dada yake mwoka mikate. Alisema utakuja."

"Alisema nini kingine?"

"Kwamba utauliza maswali."

Fundi akaketi. Ukutani kulibandikwa picha za wagonjwa waliokwisha kuchangiwa na kupasuliwa, kila moja na maneno machache chini yake, na alizipitia kama anavyopitia mishono, kutoka mwisho hadi mwisho. Mwanamke aliyevunjika mikono yote miwili. Mzee mwenye mtoto wa jicho. Mama aliyevimba shingo, kola ya shati imeachwa wazi. Kinyozi mwenye ngiri, anacheka kwa pengo. Na wengine. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akahesabu. Ukimtia na mdogo wake walikuwa watu wanane, wanaume na wanawake, wanene na wembamba, na wote wanane walivaa shati moja la bluu lenye mfuko mmoja kifuani.

"Hawa wote wako wapi?" aliuliza.

"Makwao. Wanafanya kazi zao. Mtu akipona hana haja ya kurudi hospitali kunisalimu."

"Hakuna hata mmoja anayerudi?"

"Wewe ungerudi?"

Muuguzi akachungulia mlangoni, akamwita mama wa kumbukumbu kwenye chumba cha sindano. Mlango ulipojifunga nyuma yake, Fundi aliliona shati. Lilining'inia nyuma ya mlango ule ule kwenye henga ya waya.

Hakuwa mtu wa kupekua vya watu. Lakini shati kwake lilikuwa kama barua iliyo wazi. Akasimama, akalishika bega, akaligeuza.

Halikuwa na mgongo. Yaani lilikuwa nao, ila limepasuliwa katikati, mstari mmoja ulionyooka kutoka kola hadi pindo.

Fundi aliliachia kama limemuunguza. Zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi, bibi aliyemfundisha alipokea mashati kutoka mochwari. Ndugu walileta shati zuri la marehemu, watu wa mochwari wakalipasua mgongo kwa mkasi kwa mpigo mmoja, kwa sababu mkono wa maiti haukunjiki na shati zima halimwingii. Mbele linaonekana la harusini, nyuma wazi. Bibi yule alisema aliyelivaa haketi wala hageuki, kwa hiyo mgongo anautakia nini. Mpasuko wa namna ile Fundi asingeusahau.

Akajikaza, akalitazama tena, maana si desturi yake kutazama mara moja. Kingo za mpasuko zilipindwa kwa mkono, si kwa cherehani, na mtu asiyekuwa fundi. Kando ya kingo palikuwa na alama za kubanwa, nne kila upande. Mfuko ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweusi, wakati shati lote lilishonwa kwa uzi wa bluu. Alilirudisha, akahakikisha kulabu ya henga inaelekea kule kule ilikoelekea mwanzo.

Mama wa kumbukumbu alirudi na kalamu. "Basi tumalize. Weka sahihi hapa chini, kesho daktari akifika jina liwe tayari."

"Nimesahau miwani," Fundi alisema. "Siwezi kusoma."

Mama wa kumbukumbu aliitazama miwani iliyokaa kichwani kwa Fundi. Aliichukua kalamu yake, akaifunga.

*

"Shati ulilovaa ni la maiti," Fundi alimwambia mdogo wake jioni.

Mdogo alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto. Aliacha. "Maiti gani?"

"Sijui. Ndilo ninalotaka kujua. Watu wanane wamelivaa, na hakuna anayejua waliko."

"Mimi nimelivaa. Niko hapa."

"Bado."

Alijuta kulisema neno lile kabla halijafika chini. Mdogo alisogea hadi rafu ya vikombe, akainua mkono wa kulia kuelekea kikombe. Ulifika usawa wa kiuno ukasimama. Alivuta hadi bega zima likapanda, shingo ikapinda, na kikombe kikabaki pale pale.

"Dada, hata lingekuwa shati la shetani, mimi nataka mkono."

"Sijasema hapana. Nipe kesho asubuhi."

*

Kati ya wale wanane, mmoja tu kazi yake ilikuwa ya mtaani. Fundi alijua kwamba kinyozi hajifichi, akijificha hali. Jumatano alianza na safu ya vinyozi nyuma ya soko, akachungulia mmoja baada ya mwingine akitafuta pengo. Kwa wa tano akalipata. Lilikuwa linacheka na mteja aliyepakwa sabuni nusu ya uso.

"Samahani, ndugu. Wewe ndiye uliyepasuliwa ngiri?"

Mteja aliruka kwa kicheko hadi wembe ukainuliwa juu. "Mama, hata hujasalimu umeshafika kwenye ngiri."

"Habari za kazi," Fundi alisema.

"Nzuri," kinyozi akajibu. "Na ngiri haipo. Nani anauliza?"

"Ndugu yangu anataka kupasuliwa kwa michango ile ile. Nimeona picha yako ukutani."

"Ile ya shati la bluu?" Kinyozi akasonya. "Lile shati. Nilikuwa na dripu mkononi, haliingii wala halitoki. Yule mama akanivisha kwa mbele, nyuma akalibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Vinne. Nilipoegemea kiti vikanichoma mgongo, nikaruka nikageukia kiti, mfuko ukanasa kwenye msumari wa kiti ukachanika. Alinitazama kana kwamba nimemchana yeye, akaushona pale pale, ndipo akapiga picha."

"Walitaka nini kwako?"

"Nisiseme uongo. Nilitaka waandike nina watoto sita, watu wa huko wanihurumie. Ninao wawili. Akakataa kata kata."

"Na walichukua nini?"

"Walichukua ngiri, mama. Nilikuwa na kingine cha kuchukuliwa?"

"Akili," mteja alisema kwenye sabuni.

Fundi alimshukuru, akaomba jambo moja: kama angehitaji picha yake ya leo, angekubali? Kinyozi akasema atakubali, bure, bora asivalishwe. Njiani Fundi alijaribu kujiambia moyo umetulia. Haukutulia. Mmoja alikuwa hai. Hilo halikusema lolote juu ya wengine. Na wala halikueleza ni nani aliyelipasua lile shati.

*

Mama wa kumbukumbu alikuwa ameweka miwani juu ya meza na viganja juu ya macho.

"Kama umekuja kuweka sahihi, pole," alisema bila kuinua kichwa. "Ukurasa wa mdogo wako umefungwa. Umefungwa tangu asubuhi."

Akageuza kioo cha kompyuta. Mchangiaji mmoja wa mbali, ambaye jina lake halikuonyeshwa, alikuwa amewaandikia wenye tovuti ya michango. Alisema amepitia picha zote za hospitali hii za miaka mitatu, na shati ni lile lile. Aliuliza kama hawa ni wagonjwa kweli au ni watu wanaokalishwa kitini kwa zamu, wavalishwe, wapigwe picha. Wenye tovuti wakasimamisha michango mpaka hospitali ijieleze. Mstari wa kijani ulikuwa umebakisha kidogo kujaa. Daktari bingwa alikuwa amefika saa mbili, na jina la mwoka mikate lilikuwa kwenye orodha yake kwa penseli.

"Miaka kumi na tisa niko chumba hiki," mama wa kumbukumbu alisema. "Leo nimeitwa mwizi kwa sababu ya shati."

"Ana haki ya kuuliza," Fundi alisema.

"Una maana gani?"

"Shati ni moja. Na limepasuliwa kama la mochwari."

Mama wa kumbukumbu akaivaa miwani. "Uliligeuza."

"Jana, ulipotoka."

"Na miwani ilikuwa kichwani."

"Ilikuwa."

Walitazamana. Fundi hakumharakisha. Alikwishajifunza kwamba mteja anayeona aibu juu ya vipimo vyake huachwa avue mwenyewe.

"Ni la mume wangu," mama wa kumbukumbu alisema mwishowe. "Yaani lingekuwa lake. Nililipeleka mochwari, wakalipasua. Saa ile ile ndugu zake wakaja na suti, wakasema mtu wa heshima hazikwi na shati la ofisini. Wakamvisha suti. Mimi nikarudishiwa shati kwenye mfuko wa nailoni. Hata hakulivaa."

"Ukalileta kazini."

"Lilikuwa kwenye mkoba wangu, sikujua pa kulipeleka. Wiki niliyorudi kazini akaja huyo mwanamke wa mikono iliyovunjika, amejifunika shuka la wodi. Unampigaje picha mtu wa namna hiyo aonekane na watu wote? Nikalikumbuka. Lilimwingia kama limekatwa kwa ajili yake. Nikapinda zile kingo nyumbani. Tangu hapo, kila anayekuja na nguo zilizochakaa au mkono usioinuka, namvisha."

"Hukuwaza kwamba watu wataliona?"

"Nani anaangalia shati? Wanaangalia uso."

"Mimi niliangalia shati," Fundi alisema. "Na huyo naye."

Mama wa kumbukumbu akavuta kibodi. Alianza kuandika kwamba anaapa mbele ya Mungu kuwa hospitali hii haijawahi kudanganya mtu. Fundi aliusoma mstari ule begani kwake.

"Usiape. Jana ungeniapia ningezidi kushuku."

"Sasa nifanyeje?"

"Muonyeshe kile ambacho kingenitosha mimi."

Na Fundi alijua kingekuwa nini, kwa kuwa alikesha nacho. Aliitandika meza kwa gazeti, akalilaza shati kifudifudi, mpasuko wazi, tepu yake ya kupimia kando yake. Mama wa kumbukumbu akapiga picha. Kisha wakamwita mdogo, akaja na unga wake kwenye nyusi, wakamvisha shati kwa mbele. Fundi alipotaka apigwe picha kwa nyuma, mama wa kumbukumbu aliishusha kamera.

"Hapana. Mimi simwonyeshi mgonjwa mgongo wala kidonda. Nimekataa miaka yote. Mtu si gari bovu, azungukwe pande zote."

"Humwonyeshi yeye. Unaonyesha vibanio."

"Dada yangu huyu," mdogo alisema akiutazama ukuta, "akitaka kukuona mgongo ataona tu. Piga, mama, tumalize."

Akapiga. Baada ya hapo mdogo akavaa shati lake mwenyewe, akapigwa picha ya ubavuni, kamba zote kuanzia pindo hadi kiganjani zikiwa zimefungwa. Na yule mtengeneza simu, kwa kupigiwa simu moja na Fundi, alikwenda kwa kinyozi akarudisha picha ya pengo linalocheka, mkasi mkononi, fulana ya mpira mwilini.

Barua ilikuwa fupi, na maneno mengi yalikuwa ya Fundi. *Shati ni moja. Watu ni wanane. Limepasuliwa mgongo ili limwingie asiyeweza kuinua mkono. Picha ni hizi. Ukiwa na swali jingine, uliza.*

"Niseme lilikuwa la nani?"

Fundi alifikiri. "Akiuliza, mwambie. Usimfiche. Ila hatujaulizwa."

Ikatumwa, na wakasubiri. Mchana ukapita. Mdogo alikaa kwenye kiti cha picha, miguu juu ya plasta zake, akala mkate aliokuja nao. Mara mbili daktari bingwa alipita korido na orodha, mara mbili mama wa kumbukumbu akatikisa kichwa. Mara ya pili daktari alisema saa kumi na moja anafunga orodha, maana kuna mwingine anayengoja nafasi hiyo, naye ana haki.

Saa kumi kasoro robo jibu likaingia. Mama wa kumbukumbu alilisoma, akakunja uso.

"Huyu mtu ni wa namna gani? Anasema picha zimemtosha. Lakini ana swali. Anasema kwenye picha tatu za kwanza mfuko wa shati umeshonwa kwa uzi wa bluu, na kuanzia ya nne ni uzi mweusi. Anataka kujua kwa nini."

Fundi alicheka. Mdogo wake aligeuka kumtazama, kwa sababu kicheko kile hakukisikia mara nyingi.

"Huyo ni fundi," Fundi alisema. "Nakuambia, popote alipo, huyo ana cherehani. Picha ya nne ni ya nani?"

Mama wa kumbukumbu akageukia ukuta. "Ya kinyozi."

"Mwandikie: kinyozi alichomwa na vibanio, akaruka, mfuko ukachanika kwenye msumari wa kiti. Wewe ukaushona kwa uzi uliokuwa nao."

"Umejuaje?"

"Nimeambiwa na mwenye ngiri. Tena piga picha na msumari, umtumie."

Msumari ulikuwepo, upande wa kushoto wa kiti, na kipande cha uzi wa bluu bado kimejizungusha kichwani mwake. Mdogo alisimama akawapisha. Fundi alipouona ule uzi aliugusa kwa ncha ya kidole. Kama angeinama tangu jana angeuona, na angelala.

Saa kumi na nusu ukurasa ulifunguliwa. Mstari wa kijani ulisimama pale pale ulipokuwa, kisha ukasogea mara moja, ukajaa. Haikuandikwa nani ameujaza. Fundi alikuwa na lake moyoni, lakini hakuwa na ushahidi, kwa hiyo hakulisema.

Fomu ililetwa. Aliishusha miwani kutoka kichwani, akaisoma mbele na nyuma, akairudia. Mama wa kumbukumbu alimshikia kalamu. Daktari bingwa alipofika mlangoni, Fundi alikuwa bado hajatia sahihi.

"Hiyo ngozi ya kuzibia, mnaitoa wapi?"

"Pajani kwake mwenyewe, mama."

"Paja lipi?"

"La kushoto."

Fundi aliandika *kushoto* pembeni mwa fomu, kwa herufi kubwa, ndipo akatia sahihi. Mdogo akatia yake chini, kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea kupokelea magunia.

*

Jumamosi walimruhusu Fundi kuingia wodini. Mdogo alilala chali, mkono wa kulia umefungwa kwenye banzi, umenyooshwa mbali na mwili, kama mtu anayemsimamisha dereva njiani. Paja la kushoto lilikuwa na bendeji. Fundi alilikagua hilo kwanza.

"Salama, Dada?"

"Tutaona."

Kwenye mfuko Fundi alikuwa na mashati matatu ya kumpelekea mama wa kumbukumbu, la kijani, la kahawia na la mistari, yote migongo wazi na kamba badala ya vibanio. Alishamwambia la bluu alichukue nyumbani. Hakumwambia alifanyie nini huko.

Akatoa tepu. Kwa miaka miwili kuna kipimo kimoja ambacho hakuweza kukichukua kwenye mwili wa mdogo wake, kile cha upande wa ndani wa mkono, kutoka kwapani hadi kifundo cha kiganja. Kwenye daftari lake la vipimo nafasi hiyo ilikuwa na mstari tu. Aliweka ncha ya tepu kwapani, juu ya bendeji, polepole, akaivuta hadi kwenye kifundo.

"Ngapi?" mdogo aliuliza.

"Arobaini na nane."

"Ni nzuri?"

Fundi aliirudisha ncha ya tepu kwapani akapima tena, maana bendeji hudanganya.